Kipindupindu hakifungi mlango huu



Mama mmoja wa hapa Ijumbi alileta zahanati mtoto anayeharisha, macho yameingia ndani. Alimnyima maji tangu asubuhi, akidhani yanazidisha kuhara.

Utumbo haukuumbwa hivyo. Ukutani mwake mna vijilango ambamo sukari na chumvi huingia mwilini pamoja, maji yakifuata. Sumu ya kipindupindu hutoa maji mwilini, lakini vijilango hivyo haivifungi. Mwaka 1971, wakimbizi wengi wa Bangladesh waliokuwa India waliokolewa kwa kunyweshwa maji ya sukari na chumvi.

Ibn Rushd, tabibu na mwanafalsafa wa Andalusia aliyefariki mwaka 1198, aliiita hoja ya namna hii dalili ya inaya: viumbe kuafikiana na mahitaji ya mwanadamu si sadfa, bali ni kazi ya Mwenye kukusudia.

Wapo wasemao maumbile yalijipanga yenyewe polepole. Wengine huuliza: kama ipo inaya, mbona maradhi yapo? Swali hili ni zito. Lakini kueleza hatua za ujenzi si kumkanusha fundi, na mlango uliobaki wazi ndani ya ugonjwa ni rehema.

Basi tuitumie. Koroga pakiti ya ORS katika lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Ikikosekana, tia vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Mnyweshe kidogo kidogo, endelea kunyonyesha, na umwahishe zahanati.

Yule mtoto alikunywa. Jioni akakojoa. Alhamdulillah.