Mguu wa Kijana na Usiku wa Mama

Pikipiki ingalimo stooni nyuma ya nyumba, imefunikwa shuka kuukuu la maua. Tulipoitembelea familia hii katika mtaa wa South C, jijini Nairobi, baba mwenye nyumba alitupeleka kuiona kabla hata hatujaketi sebuleni. Usukani umepinda upande mmoja, na matope ya siku ile yamekaukia katikati ya njiti za gurudumu la mbele. "Sikutaka ioshwe," alisema. Hakueleza kwa nini, nasi hatukumwuliza.

Kwa ombi lao hatutaji majina. Walikubali kuzungumza nasi kwa sharti hilo, na mama akaongeza sharti la pili: tusiandike habari ya kumfanya mwanawe aonekane shujaa, wala tusiandike ya kumfanya aonekane mpumbavu.

Kijana ana miaka 17. Kwa misimu minne amekuwa akishiriki motokrosi, yaani mbio za pikipiki katika njia ya udongo yenye kona kali na vilima vilivyochongwa makusudi ili waendeshaji waviruke. Ni mchezo wa ridhaa. Mshindi hurudi nyumbani na kikombe, na gharama za mafuta, vipuri na mavazi ya kinga hutoka mfukoni mwa mzazi. Baba ndiye aliyempandikiza mapenzi hayo; alimpeleka Jamhuri Park kutazama mbio akiwa mtoto wa miaka saba, naye akarudi akiiga sauti za injini mpaka usiku. Mama hakuupenda mchezo huo tangu mwanzo. Lakini mshiriki aliye chini ya miaka 18 huhitaji saini ya mzazi mmoja tu, na kila msimu fomu ilipoletwa, aliyeshika kalamu alikuwa baba.

Jumapili ya ajali kijana alikuwa wa tatu katika jumla ya pointi za msimu, na mbio tatu zilikuwa zimebaki. Katika mzunguko wa nne alipaa kutoka kilima kirefu, na akiwa bado hewani akaona mwenzake ameteleza mahali pa kutua. Hewani hakuna breki. Aliupinda mwili ili amkwepe, gurudumu la mbele likatua kiubavu, na mashine yenye uzito wa karibu kilo 90 ikamwangukia mguu wa kushoto. Mwenzake aliinuka, akajipangusa vumbi.

Yaliyofuata pale uwanjani tunayaeleza kwa makusudi, maana barabarani kwetu mara nyingi hufanyika kinyume chake. Bendera za manjano zilipepewa mara moja ili walio nyuma wapunguze mwendo na wasiruke. Hakuna aliyemvuta kijana kwa mikono. Kofia yake ngumu haikuvuliwa mpaka mtu mmoja aliposhika kichwa na shingo vikatulia sawasawa. Mguu ulifungwa gango kama ulivyokuwa, ndipo wakambeba kwa machela. Nani kati yetu hajaona majeruhi wa boda boda akinyakuliwa mikono na miguu na kusukumwa kwenye kiti cha nyuma cha gari dogo, shingo ikining'inia? Wanaofanya hivyo wana nia njema, na ni wepesi kuliko waganga.

Hospitalini picha ya eksirei ilionyesha kwamba mfupa wa muundi na mwenzake mwembamba yote miwili imevunjika. Wakamwekea plasta nusu, wakafunga bendeji, wakasema atafanyiwa upasuaji asubuhi ili atiwe chuma ndani ya mfupa. Baba alirudi nyumbani kuwatuliza wadogo zake. Mama akabaki kwenye kiti kando ya kitanda.

Saa nne usiku kijana alichomwa sindano ya maumivu. Saa sita alikuwa akilia. Muuguzi akamwambia mama, kwa upole, kwamba mguu uliovunjika hauachi kuuma. Mama alikubali. Saa saba akaenda tena, akapewa jibu lile lile na kidonge kimoja. Bibi huyu si mtaalamu wa tiba. Ni mshonaji wa nguo. Lakini aliporudi kitandani alipitisha vidole juu ya bendeji, akagusa shavu la mguu. "Lilikuwa gumu kama ubao," alituambia. "Na ngozi imevutika kama nguo iliyombana mtu, ambayo mshono wake uko karibu kufumuka." Kijana akasema havisikii vidole vyake vizuri. Mama alipomnyoosha kidole gumba cha mguu kidogo tu, akapiga ukelele uliowaamsha wagonjwa wengine.

Mara ya tatu hakuomba dawa. Alisimama mbele ya meza ya muuguzi akasema hataondoka hapo mpaka daktari aje.

Msomaji anahitaji kujua alichokiona mama huyo, ingawa yeye mwenyewe hakujua jina lake. Misuli ya mguu chini ya goti imefungwa katika mafungu, na kila fungu lina ala yake ngumu isiyotanuka. Mfupa ukivunjika, damu na uvimbe hujikusanya ndani ya ala hiyo. Msukumo ukizidi, damu mpya hushindwa kuifikia misuli, nayo huanza kufa ndani ya saa chache. Kuvunjika kwa muundi ndiyo asili kubwa ya balaa hili, na vijana wa kiume ndio linaowapata zaidi, kwa kuwa misuli yao ni minene na ala zao zimebana. Hila yake ni kwamba unyayo unaweza kubaki na joto na mapigo ya damu yakasikika, mtu akadhani mambo ni salama. Dalili ya kuaminiwa ni maumivu yanayopanda badala ya kushuka, yasiyotii dawa, na yanayozidi vidole vinaponyooshwa. Aliyefungwa plasta nyumbani akiona hayo, asingoje kupambazuke.

Daktari alikuja. Akaikata plasta na bendeji yote mpaka kwenye ngozi, akakigusa kile kidole gumba, na ndani ya saa moja kijana alikuwa katika chumba cha upasuaji. Ala zilipasuliwa pande zote mbili za mguu, vidonda vikaachwa wazi kwa siku kadhaa ili misuli ipumue, kisha pakafunikwa kwa ngozi iliyotolewa pajani. Misuli ilikuwa hai. Baba aliarifiwa kwa simu alfajiri, akiwa angali juu ya msala. Daktari alimwambia baadaye kwamba lau wangengoja zamu ya asubuhi, mazungumzo yao yangekuwa ya namna nyingine.

Kwa msimu huo mbio zilikwisha. Nyumbani kijana alifunzwa na bibi yake, mzaliwa wa Mombasa, namna ya kupaka maji juu ya bendeji wakati wa udhu, na akaswali akiwa ameketi, mguu umenyooshwa juu ya mto. Wiki ya sita maumivu yakaondoka, na hapo ndipo taabu ya wazazi ilipogeuka sura.

Maumivu huondoka kabla ya mfupa kuunga. Mwili kwanza hufanya uji mzito wa damu palipovunjika, kisha gegedu laini, kisha mfupa mchanga usio na nguvu za ule wa kale. Muundi uliovunjika vibaya huchukua miezi minne, sita, wakati mwingine zaidi. Lakini kijana asiyesikia maumivu hujiona mzima. Wiki ya kumi mama alimkuta uani ameyaegemeza magongo ukutani, anajaribu kurukaruka. Mbio za mwisho za msimu zilikuwa wiki moja mbele, na alikuwa amekwisha kupiga hesabu ya pointi.

Baba akaona amtafutie mfano. Alimkalisha akamsimulia habari za Marc Márquez, Mhispania bingwa wa dunia, aliyeanguka Jerez tarehe 19 Julai 2020 akavunjika mfupa wa juu wa mkono wa kulia. Alipasuliwa siku mbili baadaye akatiwa bamba la chuma, na kabla ya wiki kwisha alikuwa juu ya pikipiki akijaribu kushindana. Alishindwa, akajitoa. Mwanzoni mwa Agosti bamba lile liliharibika akifungua dirisha nyumbani kwake, akapasuliwa tena. Desemba akapasuliwa mara ya tatu, na safari hiyo ikagunduliwa kuwa mfupa umeingiwa na maambukizi. Hakurudi mashindanoni hadi Aprili 2021, na mwaka 2022 akaenda Marekani kupasuliwa mara ya nne, kwa kuwa mfupa ulikuwa umeunga ukiwa umepinda.

"Nikadhani nimemweza," baba alituambia, akicheka bila furaha. "Akanijibu: Baba, lakini si alirudi akawa bingwa?"

Ni kweli. Márquez alitwaa ubingwa wa dunia mwaka 2025. Kijana hakutaja kwamba wiki moja tu baadaye, huko Indonesia, aliangushwa akaumia bega la kulia na kuzikosa mbio zote zilizosalia. Kisa ni kimoja. Baba alisimulia miaka mitano ya mateso, na mwana akasikia mstari wa mwisho tu. Hata hivyo hakwenda kwenye mbio zile. Picha mpya ya eksirei ilionyesha ufa ukiwa bado wazi upande mmoja, na daktari akaielekeza kwenye taa bila kusema neno.

Tulimwuliza baba kama mkewe alipata kumlaumu kwa zile saini. Alikaa kimya kidogo. "Hata siku moja," alisema. "Afadhali angesema."

Mama tulimkuta chumba cha pili, penye cherehani. Alisema hana la kumlaumu mtu, kwani usiku ule ulimtosha. Mwezi ujao mwanawe anatimiza miaka 18, na kuanzia hapo fomu haitahitaji saini ya mzazi yeyote. Tukamwuliza atasema nini kijana akitaka kurudi.

"Hajaniuliza," alijibu. "Akiniuliza nitamjibu."

Mapajani mwake palikuwa na suruali ya shule. Mguu wake wa kushoto aliufumua mwenyewe mwezi ule wa kwanza ili upite juu ya bendeji. Sasa alikuwa akiushona upya, akiubana kidogo, kwa kuwa shavu la mguu lile bado halijalingana na la pili.