Michezo ya Kusaka Vilivyofichwa: Hadithi Imo au Haimo?

Siku hizi mtoto akitaka kumjua Aladini hangoji tena bibi amalize kuswali Isha ndipo amwambie "Paukwa". Hufungua simu. Humo atakuta michezo chungu nzima iliyotungwa juu ya hadithi za kale, na aina moja imependwa na wakubwa kwa wadogo: mchezo wa kusaka vitu vilivyofichwa. Leo, mpenzi msomaji, tuipime michezo hiyo. Tusiisifu kwa sababu ni mipya, wala tusiitukane kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa asiyeijua, mchezaji huonyeshwa picha ya mahali palipojaa vitu, tuseme ghala au chumba cha mfalme. Chini yake pana orodha: ufunguo, kinara, unyoya, jambia. Kazi yake ni kukitafuta kila kimoja na kukigusa. Akikwama, pana mahali pa kubonyeza apate kudokezewa. Na katika michezo mingi akigusagusa ovyo huadhibiwa kwa kukawizwa. Mchezo uliovumisha sana aina hii ni Mystery Case Files: Huntsville, uliotolewa na kampuni ya Big Fish Games ya Marekani mwaka 2005. Mwaka 2010 wakaja Blue Tea Games na Dark Parables, mfululizo uliojengwa juu ya hekaya za Ulaya, ukianza na ile ya binti mfalme aliyerogwa akalala usingizi mrefu.

Kwa watu wa pwani jambo lenyewe si geni. Kitendawili ni nini kama si kitu kilichofichwa mbele ya macho ya watu? Na anayeshindwa kukitegua huambiwa, "Nipe mji." Hata wazee wetu walijua kwamba kudokezewa kuna bei yake.

Sasa ubora uko wapi? Wengi hutazama picha, na picha ni nzuri kweli. Lakini kipimo cha haki ni hiki: liondoe jina la hadithi, utie jina jingine. Ukiona mchezo haukupungukiwa na kitu, ujue hadithi haikuwamo tangu mwanzo. Ilikuwa kibandiko mlangoni, na ndani ni duka la vyombo vikuukuu.

Tuchukue kisa cha Ali Baba. Mke wa Kassim alipoombwa kipimo alipaka shahamu chini yake apate kujua kinachopimwa, na kiliporudi kilikuwa na dinari moja imenata. Dinari ile ndiyo iliyofichua siri, ndiyo iliyomtoa Kassim roho. Baadaye mwizi akautia mlango wa Ali Baba alama ya chaki, na kijakazi Marjana akaitia alama ile ile milango ya jirani, hata wezi wasijue ni upi. Hapa hadithi yenyewe ni mchezo wa kuficha na kufichua, tena umekwisha kutungwa! Mtunzi wa mchezo atakayemwambia mtoto atafute vijiko kumi na paka watatu ndani ya pango la wezi ameiacha lulu akaokota gamba.

Na Aladini? Kisa chake hakikuwamo katika maandishi ya kale ya Kiarabu ya Alfu Lela Ulela. Mfaransa Antoine Galland alikisikia mjini Paris mwaka 1709 kwa msimulizi wa Aleppo, Hanna Diyab, na humo Aladini ni mtoto wa fundi cherehani wa Uchina. Lakini wachoraji wa leo huchanganya kuba la Istanbul, kilemba cha Bara Hindi na ngamia wa Misri, wakasema, "Hapa ni Mashariki." Mtoto wa Lamu akiamini hayo, atakuwa amefundishwa asivyo juu ya watu waliofanya biashara na babu zake.

Si wote wanaolaumika. Katika Dark Parables mchezaji husaka vipande vya kitu kimoja, akaviunga, kisha kitu hicho kikatumika kuondoa kizuizi njiani. Hapo kusaka kuna maana. Na Mkenya Wesley Kirinya alitoa mwaka 2007 mchezo wa kompyuta, The Adventures of Nyangi, ambao shujaa wake ni mwanamke anayesaka vitu vya kale vya Afrika. Kumbe vijana wetu wanaweza.

Basi tuwape hadithi ya kujaribia, na tuitoe mbali, Bungoma. Msomaji wa Mombasa asiulize, "Bungoma wapi na sisi wapi?" Misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilifika Mumias, jirani ya huko, katika karne ya 19, na Uislamu ukafuata njia hiyo. Wabukusu wa Bungoma husimulia kisa cha Mango, kijana aliyekuwa hajatahiriwa, na joka lililokuwa likiua watu na mifugo. Mango aliingia pangoni joka likiwa halimo, akajibanza na silaha yake, na liliporudi akalikata kichwa. Ndipo akatahiriwa kwa heshima, na tohara ya Wabukusu, ifanywayo mwezi wa Agosti katika miaka shufwa, inahusishwa naye mpaka leo.

Tazama mgeuko wa kisa hiki: aliyejificha ni msakaji mwenyewe! Mchezo mzuri ungempa mchezaji kazi ya Mango: kutambua saa ambayo joka hutoka, kutafuta silaha ifaayo, kuchagua pembe ya pango. Na mtunzi akitaka kuchora kibuyu, ngao na nyumba kama zilivyo, Makumbusho ya Kitale, yaliyofunguliwa mwaka 1974 juu ya msingi wa mkusanyo wa Stoneham wa 1926, yako jirani.

Lakini na aulize wazee kwanza. Kisa cha Mango ni mlango wa jando, na jando lina mambo yasiyoanikwa juani. Si kila kilichofichwa kimefichwa ili kisakwe.

Wazazi nao wana sehemu yao. Mtoto aliyekwisha kusimuliwa atacheza huku akiuliza, "Mbona dinari haimo?" Asiyesimuliwa ataokota vijiko kumi, ashangilie, alale, asijue alichokikosa. Simu mpeni, lakini mwambieni "Paukwa" kwanza, mngoje aitikie "Pakawa."