Je, Wajua? Wiki Moja ya Sayansi Darasani

Vipindi vya sayansi vya darasa la saba au kidato cha kwanza havihitaji vifaa vingi: mshumaa, jani la mti, mrija wa soda, maji ya chokaa, fimbo. Mwalimu ana muda mfupi na jibu moja la kuandika ubaoni. Tumekusanya hapa baadhi ya mambo ambayo ubao hauna nafasi nayo.

Jumatatu: mshumaa chini ya glasi

Mshumaa husimamishwa kwenye sahani yenye maji, ukawashwa, kisha ukafunikwa kwa glasi. Unazimika, na maji yanapanda ndani. Daftari nyingi husema maji yamepanda kujaza nafasi ya oksijeni iliyoteketea, ambayo ni sehemu moja ya tano ya hewa.

Je, wajua kwamba maelezo hayo hayasimami? Mshumaa huzimika oksijeni ikiwa bado ipo, na moto wenyewe hutoa kabonidayoksaidi na mvuke. Kazi kubwa hufanywa na joto. Hewa iliyotanuka kwa moto hupoa na kusinyaa mshumaa unapozimika, kisha hewa ya nje huyasukuma maji yaingie. Anayetaka ushahidi aangalie wakati: maji hupanda kwa kasi baada ya moto kuzimika, si unapowaka. Au awashe mishumaa mitatu badala ya mmoja. Oksijeni iliyomo ndani ya glasi haijaongezeka, lakini maji yatapanda juu zaidi.

Jumanne: jani linalogeuka jeusi

Ili kuonyesha kwamba jani hutengeneza wanga kwa mwanga wa jua, mmea huwekwa gizani kwa siku moja au mbili, kisha sehemu yake ikarudishwa juani. Majani huchemshwa kwenye maji, halafu kwenye spiriti, yakapauka kabisa. Spiriti huchemka kwa nyuzi 78 hivi na mvuke wake hushika moto upesi, ndiyo maana chombo chake huwekwa ndani ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe. Tone la ayodini likiangukia penye wanga, rangi ya kahawia hugeuka buluu iliyokaribia weusi, kwa sababu ayodini hunaswa ndani ya minyororo ya wanga iliyojisokota.

Ayodini yenyewe ilipatikana kwa bahati. Mwaka 1811 Mfaransa Bernard Courtois alikuwa akishughulikia majivu ya mwani katika kazi ya kutengeneza chumvi ya baruti. Akazidisha asidi, na mvuke wa zambarau ukafuka. Mwani unaolimwa Paje na Jambiani kule Unguja hautafutiwi ayodini. Wanunuzi wanataka karajini, kitu kinachofanya dawa ya meno na aiskrimu ziwe nzito.

Jumatano: aiskrimu ya Magamba

Mwaka 1963, kidato cha tatu katika sekondari ya Magamba, karibu na Lushoto, vijana walikuwa wakijitengenezea aiskrimu. Utaratibu ulikuwa kuchemsha maziwa, kutia sukari, kusubiri yapoe, ndipo yaingie kwenye friza. Nafasi ilikuwa haba na kila mtu anaigombea. Mwanafunzi mmoja, Erasto Mpemba, aliona akisubiri atakosa, akaingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto. Mwenzake aliingiza yake bila kuyachemsha kabisa. Baada ya saa moja na nusu, ya Mpemba yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado ni uji.

Alipomuuliza mwalimu wa fizikia, aliambiwa amechanganyikiwa. Aliendelea kuuliza, hadi darasani kukawa na utani wa "fizikia ya Mpemba". Baadaye, akiwa sekondari ya Mkwawa, Iringa, alikuja mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Dk. Denis Osborne. Mpemba akasimama: maji ya nyuzi 35 na maji ya nyuzi 100, kiasi sawa, vyombo sawa, kwa nini yale ya nyuzi 100 hutangulia kuganda? Wenzake walicheka. Osborne hakuamini pia, lakini alifanya jambo ambalo wengine hawakulifanya: aliporudi Dar aliagiza jaribio lifanywe. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala katika jarida la Physics Education.

Jambo lenyewe Aristotle aliligusia zaidi ya miaka 2,000 kabla, ila leo dunia nzima inaliita kwa jina la Mpemba. Wala ubishi haujaisha. Mwaka 2016 utafiti uliochapishwa katika Scientific Reports ulisema haukupata ushahidi wa kuridhisha, na kwamba tofauti ya sentimita moja tu ya mahali pa kuweka kipimajoto inaweza kuleta matokeo ya uongo. Hata hivyo, mwalimu mwenye friza na sahani mbili asimwambie mtoto kwamba haiwezekani. Ampe saa na rula.

Alhamisi: pumzi na mapango

Puliza kwa mrija ndani ya maji ya chokaa na yatageuka meupe kama maziwa. Hapo ndipo madarasa mengi huacha. Endelea kupuliza! Weupe utaanza kupotea na maji yatakuwa maangavu tena. Kabonidayoksaidi ya kwanza hutengeneza chembe za chokaa zisizoyeyuka, na inayozidi huzigeuza kuwa kitu kinachoyeyuka. Kwa njia hiyohiyo, maji ya mvua yenye kabonidayoksaidi yamekula mawe ya chokaa ya Amboni, Tanga, yakaacha mapango.

Tena, pumzi tunayotoa si "hewa chafu" tupu. Ina kabonidayoksaidi asilimia 4 hivi, lakini oksijeni bado ni kama asilimia 16. Bila hiyo, kumpulizia mtu aliyezama kusingemsaidia.

Na kama kipindi kinachofuata ni cha asidi na besi, na karatasi za litimasi zimeisha, juisi ya choya isiyotiwa kitu inatosha. Kwenye ndimu hubaki nyekundu, kwenye magadi hugeuka kijani.

Ijumaa: fimbo uwanjani

Dar es Salaam, jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka: karibu na tarehe 3 au 4 Machi, na tena karibu na tarehe 10 Oktoba. Siku hizo fimbo iliyosimama wima hukosa kivuli. Mwezi Juni kivuli cha adhuhuri huelekea kusini, Desemba huelekea kaskazini. Vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya watoto wa Ulaya havisemi hivyo, kwa kuwa kwao kivuli cha adhuhuri ni cha kaskazini mwaka mzima.

Lakini usitegemee saa ya ukutani. Saa ya Afrika Mashariki hufuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, inayopita karibu na Mogadishu, nje kabisa ya Tanzania. Kwa hiyo jua la Dar hufika kileleni kwa wastani saa sita na dakika 23, na la Kigoma hulifuata dakika 39 baadaye. Darasa la Kigoma litakalotoka na rula saa sita kamili litapima kivuli ambacho bado kinafupika. Cha kweli kitapatikana saa saba, wakati kila mtu anafikiria chakula.