Nyumba Ntobhu na Neno "Mume"

Mfasiri wa hati za mirathi za mkoa wa Mara, ziwe za Tarime au za kata ya Manyamanyama mjini Bunda, huenda akakutana na nyumba ntobhu. Kwa desturi hii ya Wakurya na baadhi ya majirani zao, mwanamke asiye na mtoto wa kiume humtolea mwanamke mwingine mahari ya ng'ombe. Huyo huzaa na mwanamume, na watoto huwa wa nyumba ya mtoa mahari. Nyumba hapa si jengo. Katika ndoa ya wake wengi kila mke ana nyumba yake na ng'ombe wake, nayo hurithiwa na wana wake.

Wafasiri hukimbilia "mume wa kike", tafsiri sisisi ya istilahi ya wanaanthropolojia wa Kiingereza. Istilahi hiyo yawaelekea zaidi Wanandi wa Kenya, ambao kwao mwanamke aoaye huhesabiwa kuwa mwanamume. Regine Smith Oboler alionyesha mwaka 1980 kwamba hesabu hiyo hushikwa hasa katika mali na urithi. Kwa Wakurya, aliyeolewa mara nyingi huwa mkamwana, yaani mke wa mwana ambaye hakuzaliwa. Mtoa mahari basi ni mama mkwe. Maneno yote mawili tunayo. Kwa nini tuunde mengine?

Kosa hapa lina gharama. Sheria ya Ndoa ya 1971 yaitambua ndoa kuwa muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke. Aandikaye "ndoa" bila maelezo huwaacha mama na watoto bila kinga waliyoitarajia. Aandikaye "usagaji" huwazulia jambo lisilokuwamo katika maana ya desturi yenyewe. Tena, binti aliyetolewa akiwa mdogo, au aliyelazimishwa kumpokea mwanamume, asifichwe nyuma ya neno "desturi". Aandikwe kuwa alilazimishwa.

Wazapoteki wa Juchitán, Mexico, humwita muxe mtu aliyezaliwa mwanamume ambaye jamii humpa nafasi ya jinsia ya tatu, na waandishi wa lugha nyingine wameliacha neno hilo lilivyo. Nasi twashauri nyumba ntobhu libaki, lifafanuliwe mara ya kwanza litokeapo.

Limebaki jina la yule mwanamume. "Baba" humpa haki ambazo desturi haimpi, na "hawara" ni tusi. Kwa sasa tutaandika "mwanamume aliyezaa naye".