Mahali pa Ibada na Mahali pa Soko: Kutoka Asakusa hadi Matema

Wako watu wanaoona haya kusikia sauti ya muuzaji karibu na mahali pa sala, wakadhani kwamba biashara, popote inapokaribia ibada, huiondolea heshima yake. Lakini historia ya wanadamu yashuhudia kinyume cha hayo, kwani aghalabu mahali patakatifu na soko vimekaa ujirani karne nyingi, kila kimoja kikimfaa mwenziwe.

Mfano ulio mashuhuri ni hekalu la Wabudha liitwalo Senso-ji, huko Asakusa katika jiji la Tokyo. Mapokeo ya hekalu hilo yasimulia kwamba mwaka 628 ndugu wawili wavuvi, walipokuwa wakitega nyavu katika mto Sumida, waliopoa sanamu ya Kannon, mwenye rehema, na mkuu wa kijiji chao akaigeuza nyumba yake kuwa mahali pa kumtukuzia. Leo mgeni hupita chini ya lango lililoangikwa taa kubwa nyekundu, akafuata njia ya Nakamise, yenye urefu wa mita 250 hivi, ambayo pande zake zote mbili ni maduka madogo ya vibiskuti vya mchele, mapepeo na wanasesere. Kisha hufika penye chetezo kikubwa, ambapo waumini hujipungia moshi wa ubani wakiomba afya, ndipo wakapanda kwenda kusali. Maduka hayo hayakuvamia mahali pale, kwa maana majirani wa hekalu, waliokuwa na wajibu wa kulifagia, ndio waliopewa idhini ya kuuza bidhaa njiani mwake. Hivyo ufagio ulitangulia mizani.

Ujirani wa namna hii twauona pia katika pwani ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Msafiri atokaye mjini Kyela, akipita Ipinda katikati ya mpunga na mikakao, hufika Matema, ambako milima ya Livingstone yashuka kwa ghafula hata majini. Mwendo mfupi kwa miguu kutoka hapo ni Lyulilo, na mbele yake, kuifuata pwani, ni Ikombe, katika nchi ya Wakisi, watu wa uvuvi na ufinyanzi, ambao mlima umewaachia ukanda mwembamba tu wa ardhi ya kulima.

Katika nchi hiyo, penye miamba kando ya ziwa, ndipo palipo Pali-Kyala, mahali pa tambiko tangu enzi za wahenga. Mwanaanthropolojia Bibi Monica Wilson, aliyekaa na mumewe Godfrey miongoni mwa Wanyakyusa, majirani wa Wakisi, katika miaka ya 1930 na kutoa mwaka 1959 kitabu juu ya matambiko yao, alieleza kwamba Kyala, ambaye mahali hapo pana jina lake, alihesabiwa miongoni mwa mashujaa wa kale, kama alivyohesabiwa Lwembe wa Lubaga. Na wamisionari wa Moravian na wa Berlin, walioingia nchi hii mwaka 1891, walilikuta jina hilo la Kyala, ambalo baadaye makanisa yalilishika kwa kumtaja Mwenyezi Mungu. Kwa hiyo Mkristo wa Kyela asalipo kwa lugha ya mama, hutamka jina lililotajwa kwa taadhima katika pwani hiyo kabla ya kanisa la kwanza kujengwa.

Na soko, je? Wakinga walishuka kutoka milimani na majembe ya chuma waliyoyafua wenyewe, Wakisi wakaleta vyungu, Wanyakyusa wakatoa vyakula vya bonde lao lenye rutuba. Wala jembe halikuwa bidhaa tu, bali lilikuwa pia miongoni mwa hedaya zilizopelekwa Lubaga katika tambiko la Lwembe. Naitakidi kwamba haya hayakutokea kwa bahati, kwa sababu aendaye kuomba na aendaye kuuza wote wawili wahitaji amani njiani, na watu wasioelewana kwa lugha huaminiana upesi zaidi pale wanapoogopa kitu kimoja kilicho kikubwa kuliko wao.

Soko hilo halijafa. Wanawake wa Kikisi hufinyanga vyungu kwa mikono, wakavisugua hata vikateleza, wakavipamba kwa udongo mwekundu, wakavichoma kwa moto wa wazi, kisha wakavipakia mitumbwini; na siku ya Jumamosi Lyulilo hujaa vyungu vya kila kimo, vilivyopangwa mchangani, ambavyo zamani vilibadilishwa kwa nafaka na leo huuzwa kwa shilingi.

Mgeni afikaye huko na ashike adabu. Kama vile azuruye Senso-ji anawavyo mikono kabla ya kusali, vivyo hivyo atakaye kuona mahali pa tambiko na aanze kwa wazee wa kijiji, aombe ruhusa, wala asipige picha bila idhini. Na sokoni asiidharau bei ya mama aliyechimba udongo, akaubeba, akaufinyanga na kuuchoma, kwa kuilinganisha na bei ya ndoo ya plastiki.

Mwezi wa Machi 1945 mabomu yaliteketeza jumba kuu la Senso-ji, na waumini wakachanga fedha hata likasimama tena mwaka 1958. Maana mahali pa ibada hulindwa na wale wanaopatumia. Miamba ya Wakisi haiungui, lakini elimu ya mikono hupotea kizazi kimoja tu kikiacha kujifunza, na sufuria na plastiki zimekwisha kuingia kila jiko. Kwa hiyo walimu wa Kyela na wawapeleke wanafunzi wao Lyulilo wakajifunze kwa akina mama hao, wazee waandikiwe masimulizi yao wangali hai, nasi tulio na jiko la kuinjikia maharagwe tununue chungu, tukitumie.