Je, Wajua? Ubapa ni rika la chuo cha Lubumbashi

Chuo Kikuu cha Lubumbashi kilianzishwa mwaka 1955, mji ukiitwa Élisabethville. Mwaka 1956 Mfaransa Jean-Pierre Serre akaingiza katika jiometri wazo la ubapa: familia ya maumbo inayobadilika bila kuruka ghafla.

Tazama x² = t, kwa namba changamano. Kila t hutoa majibu mawili. Ikiwa t ni 0, jibu 0 huhesabiwa mara mbili. Familia hiyo ni bapa. Lakini katika tx = 0, t ikifika 0, nukta moja hugeuka mstari mzima: ubapa umevunjika.

Kanuni: ramani inayofunika nafasi laini kutoka nafasi nyingine laini, zote zikiwa za kipande kimoja, ni bapa iwapo tu nyuzi zake zote, yaani maumbo yaliyo juu ya kila nukta, zina idadi sawa ya vipimo.