Mkeka wa Kukalia na Mkeka wa Kubeti: Tujiandae kwa AFCON 2027



Kombe la Mataifa ya Afrika, maarufu kama AFCON, linakuja nyumbani. Mwezi Septemba 2023 Shirikisho la Soka Afrika (CAF) lilitangaza kwamba fainali za mwaka 2027 zitaandaliwa kwa pamoja na Tanzania, Kenya na Uganda. Kutoka Kilwa Masoko hadi Dar es Salaam, ulipo Uwanja wa Benjamin Mkapa, ni takriban kilometa 300. Kwa hiyo wengi wetu wa pwani ya Lindi tutatazama mechi palepale tunapotazama siku zote: kwenye kibanda umiza. Tueleze basi kombe hili linavyoendeshwa, halafu tuzungumzie jambo moja linaloingia kibandani pamoja na mpira, yaani kubeti.

Kombe lilianzaje?

Fainali za kwanza zilichezwa Khartoum, Sudani, mwaka 1957. Zilishiriki timu tatu tu: Misri, Sudani na Ethiopia, na Misri ikatwaa kombe. Afrika Kusini ilitarajiwa kuwa ya nne, lakini haikucheza kwa sababu serikali yake ya ubaguzi wa rangi haikukubali weusi na weupe wavae jezi moja. Iliporudi, ubaguzi ukiwa umeondolewa, iliandaa fainali za mwaka 1996 na kulichukua kombe. Tangu mwanzo, basi, kombe hili limebeba swali zito kuliko mabao: ni nani anayehesabiwa kuwa mwenzetu?

Taifa Stars imefika fainali hizi mara nne: mwaka 1980 nchini Nigeria, 2019 nchini Misri, fainali za 2023 zilizochezwa Ivory Coast kuanzia Januari 2024, na fainali za 2025 zilizochezwa Morocco kuanzia Desemba 2025.

Pointi mbili zilivyotuvusha

Fainali za sasa zina timu 24, zilizogawanywa katika makundi 6 ya timu 4. Ushindi ni pointi 3, sare ni pointi 1. Timu mbili za juu katika kila kundi zinasonga mbele, jumla 12. Ili zifike 16, zinaongezwa timu 4 zilizofanya vizuri zaidi kati ya zile 6 zilizoshika nafasi ya tatu.

Hapo ndipo wengi walipojikuna kichwa siku zile za Noeli. Tulifungwa na Nigeria 2-1, tukatoka sare ya 1-1 na Uganda, kisha sare ya 1-1 na Tunisia. Hatukushinda hata mechi moja, na bado tukavuka. Angola nayo ilikuwa na pointi 2 na tofauti ya mabao ileile, lakini sisi tulikuwa tumefunga mabao 3 na wao 2. Bao moja likatupeleka hatua ya mtoano kwa mara ya kwanza katika historia yetu. Kule Ivory Coast tulikuwa pia na pointi 2, lakini tulifunga bao moja tu, tukashika mkia wa kundi na kurudi nyumbani. Jumapili ya tarehe 4 Januari 2026 wenyeji Morocco walitufunga 1-0 na safari ikaishia hapo.

Benchi moja

Anayeijua Kilwa anajua kwamba sisi Wakristo ni wachache katika mwambao huu wa Waislamu. Tunauziana samaki, tunazikana na kualikana harusini. Lakini siku ya sala kila mmoja ana njia yake. Taifa Stars inapocheza, mvuvi wa Kivinje aliyetoka msikitini na mwalimu wa kwaya ya kigango wanabanana kwenye benchi moja. Wa Simba na wa Yanga, ambao juzi walikuwa hawasemezani, wanashangilia bao lilelile. Asiyepata benchi anatandikiwa mkeka.

Tusilione hili kuwa jambo dogo. Mtume Paulo, alipowaandikia Wakorintho (1 Kor 9:24-27), hakuona haya kuchukua mfano kutoka uwanja wa michezo. Mji wao ulikuwa jirani na mahali palipofanyika mashindano makubwa ya Wagiriki, akatumia kile walichokiona kwa macho kuwafundisha nidhamu ya kuitafuta taji isiyonyauka. Nasi tunaweza kuanzia kibandani.

Mkeka wa pili

Lakini vijana wetu wana mkeka mwingine. Ni orodha ya mechi anazozibashiri mtu kwenye simu kwa pamoja. Ikikosea mechi moja tu, mkeka umechanika na hela imekwenda. Tuipige hesabu yake polepole.

Tuseme kila mechi unayochagua ina nafasi nusu kwa nusu ya kwenda unavyotaka. Mechi mbili pamoja, nafasi yako ni moja kati ya 4. Mechi tano, ni moja kati ya 32. Kama malipo yangekuwa ya haki, shilingi 1,000 ingekurudishia 32,000 siku unapopatia. Lakini kampuni haiweki odi ya 2 kwa mechi ya namna hiyo. Tuseme inaweka 1.85. Zidisha 1.85 mara tano: unapata kama 21.67, yaani shilingi 21,670 hivi. Pengo hilo ndilo pato la kampuni, na kadiri unavyoongeza mechi ndivyo pengo linavyopanuka. Aliyeshinda jana hakuishinda hesabu hii. Akiendelea kucheza, itamfikia.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana kwenye simu. Kijana aliyebashiri kwamba Taifa Stars itafungwa ameketi kati ya wenzake akiomba kimyakimya wafungwe. Bao likiingia golini kwetu wote wanashika vichwa, naye anaangalia simu. Mkeka mmoja unakalisha watu pamoja. Wa pili unamtoa mtu katikati yao, ingawa hajanyanyuka.

Kanisa linafundisha nini?

Katekisimu ya Kanisa Katoliki (namba 2413) haisemi kwamba kila mchezo wa bahati ni dhambi kwa asili yake. Inafundisha kwamba mchezo huo haukubaliki kimaadili unapomnyima mtu kile anachohitaji kwa maisha yake na ya wanaomtegemea, na inaonya kwamba tamaa ya kamari inaweza kumfanya mtu mtumwa. Jirani zetu Waislamu wanaihesabu kamari kuwa haramu moja kwa moja. Njia za kufundisha zinatofautiana, lakini katika nyumba ambayo shilingi 5,000 ni unga na mboga ya leo, tunafika mlango uleule.

Fainali za 2027 zimepangwa Juni na Julai, na huo ndio wakati fedha za ufuta zinapoingia mkononi mwa wakulima wa Lindi. Hela hiyo ni ada, ni bati la nyumba, ni mbegu ya msimu ujao. Ikipita kwenye simu usiku mmoja, hairudi mpaka mavuno mengine.

Tufanye nini?

Kwa ndugu zetu mafrateri: tusiende vigangoni na karipio tupu. Kijana akija kutafuta ushauri, tumuulize mambo matatu. Hela hiyo ilikuwa ya nini? Nani amekosa nini kwa sababu yake? Na je, ukiamua leo kuacha, unaweza? Jibu la swali la tatu ndilo linaloonyesha kama utumwa umeanza.

Kwa wazazi na viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo: ile hesabu ya mechi tano ifanyeni pamoja na vijana, kwa kalamu na karatasi, kabla kombe halijaanza. Na parokia yenye ukumbi na runinga ifungue milango, iwaalike na majirani wa msikitini, watu watazame bila kubeti.

Tutandike mikeka mapema. Wageni wanakuja.